Tangi la pili chini ya Hilux: shajara ya kazi

Kwa nini nimejiingiza humu

Nimechoka na madumu. Safari ndefu zote nimezifanya na madumu manne ya lita 20 nyuma, yamefungwa kamba, na kila safari ni ileile: harufu ya dizeli kwenye mizigo, upepo unapeperusha mafuta nikimimina, na dumu moja lazima livuje kwenye kifuniko. Juu ya hayo, kilo zaidi ya 60 zinakaa juu ya bodi, mahali pabaya kabisa gari linapolala upande kwenye mteremko.

Gari ni Hilux ya kebini mbili, injini ya 2KD-FTV ya dizeli, cc 2,494. Tangi la kiwanda ni la takriban lita 80, lakini kwa hesabu zangu nikiendesha hadi taa iwake na kusukuma kidogo, ninazozitumia kweli ni 74. Kwenye barabara nzuri, na mzigo, linakula lita 11.5 kwa kilomita 100. Kwenye mchanga nimeandika 15.5. Maana yake kilomita 640 siku njema, 480 siku mbaya. Nataka mara mbili ya hapo, na nataka uzito ushuke chini ya chesisi.

Toyota wenyewe hawaoni ajabu katika hili: Land Cruiser Troop Carrier imetoka kiwandani na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na wahandisi, mimi nina kadibodi na mkasi.

Jumamosi ya kwanza: kadibodi

Spea tairi limeshuka kutoka chini ya bodi. Kilo 31 kwenye mizani. Nafasi linayoacha nyuma ya ekseli ndiyo kiwanja changu chote.

Nimepima mara tatu, na mara ya tatu ndiyo iliyonionyesha kosa. Mara mbili za kwanza gari lilikuwa limesimama kawaida. Mara ya tatu nimeliinua kwa jeki upande mmoja tu, springi ya upande wa pili ikabanwa hadi raba ya kituo, ile inayozuia ekseli isigonge chesisi, nikaona kwamba ekseli ikipanda vile, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inasogea hadi ilipokuwa kona ya mbele ya kadibodi yangu. Tangi lingepigwa kwenye shimo la kwanza la maana. Kona imekatwa. Kona nyingine imekatwa kwa ajili ya ekzosi. Nimeacha sentimita nane kati ya bomba na bati, na bado nitaweka kinga ya joto katikati.

Umbo la mwisho: upana milimita 780, urefu 620, kimo 165. Hizo ni lita 79.8 kwa hesabu ya boksi. Toa kona zilizokatwa, zinabaki kama 75. Toa nafasi ya hewa juu, nitashukuru nikipata 70.

Sasa uzito, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Dizeli ina uzito wa karibu kilo 0.84 kwa lita, kwa hiyo lita 70 ni kilo 59. Tangi la bati la milimita 2 nimelikadiria kilo 27, mabano na mikanda 6. Jumla 92. Lakini ekseli ya nyuma haitabeba 92. Kitovu cha tangi kiko milimita 800 nyuma ya ekseli, na umbali kati ya ekseli mbili za gari hili ni milimita 3,085. Tangi linafanya kazi ya wenzo: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 116, na ya mbele inapunguziwa 24. Spea tairi, ambalo lilikuwa linafanya uonevu huohuo, sasa litalala ndani ya bodi karibu na kebini, mbele ya ekseli, kwa hiyo sehemu ya deni imelipwa. Nimesoma kibati cha uzito mlangoni na nimeandika ukomo wa ekseli ya nyuma ukutani kwa chaki. Utabaki hapo hadi mwisho wa kazi.

Jioni hiyohiyo: mafuta yatafikaje kwenye injini?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni valvu ya kubadilisha: unageuza swichi, injini inanyonya kutoka tangi la pili moja kwa moja. Inavutia, ila injini za dizeli za siku hizi hurudisha mafuta mengi kwenye tangi, tena ya moto. Ukihamisha mrija wa kunyonya ukasahau wa kurudisha, injini inanyonya huku na kurudisha kule, mpaka tangi kuu lifurike. Kwa hiyo valvu lazima ihamishe mirija yote miwili kwa pamoja, na ikikwama, umekwama nayo.

Ya pili ni pampu ya kuhamishia: tangi la pili linamwaga ndani ya la kwanza, basi. Injini haijui kabisa kwamba kuna tangi jingine. Pampu ikifa, bado nina gari la kawaida lenye tangi la kawaida. Nimechagua hii, wala sikuhangaika sana kuamua.

Wiki ya pili: bati

Bati jeusi la milimita 2, si la mabati ya kuezekea wala lolote lenye zinki. Dizeli hula zinki taratibu, na kinachoyeyuka huenda kuganda kwenye nozeli za injini. Shaba nayo haitakiwi, huharakisha mafuta kuchacha. Nilikuwa na viungio vizuri vya shaba nimeviweka akiba tangu mwaka jana. Vimerudi kwenye droo.

Mchoro niliompelekea fundi wa kuchomelea una kuta mbili za ndani zinazogawa tangi vyumba vitatu, ili mafuta yasibamize gari huku na huku kwenye kona. Kila ukuta una tundu la milimita 60 katikati na kona za chini zimekatwa ili mafuta yapite. Chini kuna kisima kidogo cha sentimita nne chenye nati ya kumwagia, na mrija wa kunyonya unaishia milimita 10 juu ya sakafu ya kisima, maji na uchafu vibaki chini yake. Viungio vingine vyote viko juu. Sitaki kitu chochote kinachoning'inia chini kikisubiri jiwe.

Wiki ya tatu: lita 58

Tangi limerudi, limechomelewa vizuri, mshono kama uzi wa cherehani. Nimelijaza maji kwa ndoo yenye alama, nikitarajia 70.

Limekataa kwenye 58.

Nimeligonga, nimelitikisa, nimelilaza ubavu. Linabubujika kidogo, linapokea nusu lita, linakataa tena. Mdogo wangu, aliyekuwa anashika mpira wa maji, akauliza kwa upole, "Kaka, hewa ya vyumba vya pembeni inatokea wapi?"

Haitoki. Hilo ndilo jibu. Mdomo wa kujazia na tundu la kupumulia viko chumba cha kati. Kuta zimechomelewa hadi kwenye kifuniko bila mwanya juu, kwa sababu mchoro wangu ulionyesha kona za chini tu. Maji yakishafunika tundu la katikati, hewa iliyo juu ya vyumba vya pembeni imefungiwa. Nimepiga hesabu: chumba cha kati kimejaa, vya pembeni vimefika usawa wa juu wa tundu, jumla inakuja 57 na nusu hivi. Tangi lilikuwa linatii mchoro neno kwa neno.

Fundi hana kosa. Amekata vipande viwili kwenye kifuniko, ametoboa mianya juu ya kila ukuta, akaziba tena. Nimelipa mara mbili kwa kazi moja. Bahati yangu ni kwamba tangi lilikuwa bado halijaonja dizeli. Tangi lililowahi kubeba mafuta silisogezei moto hata likiwa limeoshwa, kwa kuwa mvuke unaobaki kwenye mishono unatosha kumuua mtu.

Kipimo cha pili: 70.5.

Kupima uvujaji

Watu hupenda kutia hewa ya kompresa hapa. Fanya hesabu kwanza. Kifuniko changu kina eneo la karibu nusu mita ya mraba. Kwa shinikizo la baa 0.2 tu, ambalo hata tairi la baiskeli lingelicheka, kifuniko kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu tani moja. Nimetumia baa 0.1, kwa pampu ya mkono, na maji ya sabuni kwenye mishono yote. Vitundu viwili vidogo kama ncha ya sindano, vyote kwenye kona. Vimezibwa, nimerudia, kimya.

Kisha nimelikausha siku hiyohiyo, maana chuma kitupu chenye unyevu hakisubiri kesho kushika kutu, nimevuta taka za kuchomelea kwa sumaku iliyofungwa kamba, na nimesuuza kwa lita tano za dizeli. Dizeli hiyo imetoka nyeusi. Nje, rangi ya kuzuia kutu mara mbili.

Wiki ya tano: kuning'iniza

Kwa ufupi. Sijachomelea chochote kwenye chesisi na sijatoboa kingo zake za juu wala za chini, ambako ndiko nguvu yake ilipo. Nimetumia matundu yaliyokuwepo. Mikanda miwili ya chuma yenye raba, na bano moja la mbele lenye raba laini ili chesisi ikijipinda isilivute tangi nayo. Chini nimeweka reli mbili za kuteleza badala ya sahani nzima ya milimita 4, ambayo ingeniongezea kilo 15 nikiwa tayari nahesabu kila kilo kwa chaki.

Wiki ya sita: nozeli inayokata

Mdomo wa kujazia umekaa ubavuni mwa bodi. Mpira wa milimita 50 unashuka hadi tangini, na pembeni yake mpira wa milimita 16 wa kurudisha hewa karibu na mdomo. Yote ni mipira ya mafuta kweli, si ya maji, vibanio pande zote. Mpira wa tatu, mwembamba, unapanda hadi juu nyuma ya taa, una valvu ya kujifunga gari likipinduka.

Kwenye kituo cha mafuta nozeli imekata baada ya sekunde tatu. Nimebonyeza tena, imekata. Nimejaza lita 20 kwa kubonyeza kama mtu anayetuma simu za upepo, foleni nyuma yangu ikikohoa.

Nozeli ina tundu dogo karibu na ncha linalonyonya hewa. Likifunikwa na mafuta au povu, inajifunga. Kwa hiyo tangi halijajaa, lakini mafuta yanarudi juu. Nimelala chini ya gari na tochi, nikaona: mpira wa kurudisha hewa unashuka kidogo unapopita chini ya boriti ya bodi, kisha unapanda. Bonde la sentimita sita. Dizeli iliyorushwa ndani yake imetuama humo, imeziba njia kama maji kwenye bomba la sinki. Hewa haina pa kwenda ila kupitia mdomo uleule mafuta yanamoingilia.

Ni ugonjwa uleule wa lita 58, umehamia kwenye mipira tu. Nimetoboa boriti, nimeweka raba ya kulinda kingo, mpira sasa unapanda bila kushuka hata mara moja kutoka tangini hadi mdomoni. Nozeli haikati tena hadi mwisho.

Huo mwisho pia nimeuchagua kwa makusudi. Mrija wa hewa unaingia milimita 10 ndani ya tangi, kwa hiyo mafuta yakifikia hapo kujaza kunakoma na juu kunabaki lita nne na kitu za hewa. Dizeli hutanuka karibu asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita 70 zilizopozwa ardhini zikipata joto la nyuzi 25 zaidi mchana, zinakuwa lita 71.4. Zisipopata nafasi zitajitafutia.

Pia nimeunganisha mdomo wa kujazia na chesisi kwa waya. Mpira haupitishi umeme, na chaji inayojikusanya wakati wa kujaza inahitaji njia ya kushuka isiyo cheche.

Wiki ya saba: pampu na umeme

Pampu imekaa chini, mbele ya tangi, chujio kabla yake. Pampu hizi ndogo husukuma vizuri kuliko zinavyonyonya. Inakula ampea 2. Fyuzi ya 5, rilei (swichi inayowashwa na umeme), umeme unaopatikana swichi ya gari ikiwa imewashwa tu. Inamwaga kwenye mpira wa kujazia wa tangi kuu, karibu na tangi lenyewe.

Nimeipima kwa ndoo: lita 10 kwa dakika 7 na sekunde 20, yaani lita 82 kwa saa. Kwenye boksi imeandikwa 120, bila shaka ikisukuma hewa ya ndoto. Nimeweka taima ya dakika 25, ambazo ni lita 34, na sheria moja: siibonyezi kabla geji kuu haijashuka chini ya nusu. Bila taima najijua, ningesahau na kufurisha tangi kuu.

Geji imenipotezea jioni nzima. Boya la kupima kina nililonunua linatoa ukinzani wa umeme wa omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa; geji inataka 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa. Tangi tupu likasoma limefurika. Nimebadilisha geji, nikaweka alama zangu kwa kumimina lita kumi kumi.

Wiki ya nane: gari linalojizalia mafuta

Nimeegesha usiku kwenye mteremko, pua ikiangalia chini, tangi la pili limejaa, kuu robo. Asubuhi tangi kuu liko karibu nusu na la pili limepungua lita 20. Pampu haikuwashwa. Mdogo wangu: "Kaka, usiitengeneze hii. Liache lijizalie."

Pampu ina valvu ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma. Haina cha kuyazuia yasiende mbele. Gari likiinamia pua, tangi la nyuma linakuwa juu ya lile la mbele, na mafuta yanapita katikati ya pampu iliyolala kama maji mferejini. Tangi kuu lingekuwa limejaa, ziada ingetafuta tundu la kupumulia na kunidondokea barabarani usiku kucha.

Nimeongeza valvu ya solenoidi, ya aina inayofungwa isipopata umeme, kwenye waya uleule wa pampu. Nimeegesha mteremko uleule usiku mbili. Lita zimebaki palepale.

Safari ya kwanza ya kweli

Kwanza lita 20 tu, kilomita 60 za vumbi, kisha chini ya gari na karatasi nyeupe kila kiungio. Kavu. Ndipo nikajaza.

Nyuma imeshuka milimita 28. Springi za bapa zimehimili, lakini nikipakia bodi sawasawa zitahitaji jani moja zaidi. Taa za mbele zilikuwa zinamulika ndege, nimezishusha. Mizani imesoma chini ya namba ya chaki, ila kwa nafasi ndogo kuliko nilivyopenda, kwa hiyo dumu la maji la nyuma kabisa limehamia karibu na kebini. Nimepeleka pia picha na vipimo kwa watu wa bima kabla ya kuondoka, wasije wakagundua wenyewe siku ya ajali.

Lita 74 na 69 zinazofikika ni 143. Kwa ulaji wangu hiyo ni kilomita 1,240 barabara nzuri, 920 mchangani. Njiani nimelimaliza tangi la pili kwa makusudi. Pampu ilibadilisha sauti, kutoka mngurumo hadi kuguguma, baada ya jumla ya dakika 51. Hesabu ilikuwa 50 na nusu.

Baada ya kilomita 1,000

Nimefungua nati ya kisima juu ya chombo cheupe. Maji kama kijiko kimoja, chembe kadhaa nyeusi za kuchomelea ambazo sumaku yangu haikuzifikia, na uzi mmoja wa kitambaa nilichopangusia. Chujio la kabla ya pampu lina chembe tatu. Nitafungua tena ikifika 3,000. Kinga ya joto ya ekzosi imelegea bolti moja. Imekazwa, na nimeweka nati ya kujikaza mahali pake.